Ndagala nyuma ya mlango

Goma, Jumamosi

Dada Mwamini,

Nakusalimu wewe na Mama kwa kalamu inayotetemeka, maana baridi ya huku haina huruma kama joto letu la Bujumbura.

Wiki yangu ya kwanza chuoni nilipika zile ndagala, dagaa wa ziwa letu, ulizonifungia, mlango nimeufunga, nikidhani ndiyo adabu ya mgeni kutowasumbua wenzake kwa harufu. Kumbe hapa anayejifungia kula ni mgonjwa! Kahindo wa chumba cha jirani akagonga kwa nguvu, akiniita mwananchi kwa Kifaransa: "Citoyenne, uko mugonjwa ao uko na huzuni?" Sijajibu bado, wasichana sita, yeye akiwemo, wakaingia na sombe ya majani ya muhogo, viazi vya moto na jibini ya Masisi, wakaketi kitandani kwangu kama kwao. Nilikula mpaka machozi yakanitoka, nikasingizia pilipili.

"Mulango tunafungaka sababu ya baridi," Kahindo akanigombeza, mdomo umejaa ndagala zako, "hatufungiake batu!"

Sijawahi kugombezwa vizuri namna hiyo, Dada. Nibusie Mama. Na ukipata mtu wa kuja huku, ndagala usinitumie mimi. Tutumie sisi saba.

Mdogo wako,
Zuhura