Muziki Unakatika Mchana

3 Machi

Mama,

Hujambo? Baridi la huko halijakumaliza? Mimi mzima, goti tu ndilo lina mambo yake.

Ile spika uliyonitumia inaimba vizuri ila ina kiburi. Naweka muziki baada ya chakula cha mchana, najinyoosha kwenye kochi, mara kimya. Nimeizaba kofi kama nilivyokuwa nikiizaba redio ya saluni enzi zangu za kunyoa watu, haikujali. Tangu mama yako atutoke, nami nifunge saluni, nyumba hii imenyamaza mpaka nasikia friji likinguruma. Nisaidie mwanangu, kimya hiki sikiwezi.

Baba yako

10 Machi

Shikamoo baba,

Pole na goti. Nisamehe kuchelewa, hapa kwenye chumba cha kufulia cha hoteli mashuka hayaishi.

Usiipige, baba! Chomoa kile kisanduku cha waifai kwenye umeme, kunywa chai yako, kisha ukichomeke tena. Angalia pia kimekaa wapi. Kikiwa kimefichwa, mtandao haufiki sebuleni. Kiweke juu, mahali pa wazi.

Binti yako

11 Machi

Marahaba mama,

Kisanduku nimekikuta chini ya kitambaa cha kufuma cha mama yako. Nilikifunika mwenyewe, kwa mazoea. Si unajua marehemu alifunika kila chenye waya. Sasa kiko juu ya kabati la vyombo, kimekaa kama mwenyekiti. Fundi wa jirani kaja kapima, kasema mtandao una nguvu, labda tatizo ni mzee. Nimemwambia aende zake.

Bado muziki unakatika. Ni mchana, tena siku za kazi. Jumapili unaimba mpaka nauchoka. Na ukikatika, kwenye simu yangu natokewa na jina la wimbo wa vijana ambao sikuuchagua. Nikibonyeza, wangu unarudi, halafu naporwa tena. Mama, humu ndani kuna mtu?

Baba yako

29 Machi

Shikamoo baba,

Waendeleaje? Nimesoma ujumbe wako kazini, nikacheka, kisha nikaenda kulia chooni. Huyo mtu ni mimi.

Akaunti ya muziki ni moja, niliifungua kwa jina langu nikakuunganisha na wewe. Inaruhusu msikilizaji mmoja tu kwa wakati. Nikianza zamu navaa hedifoni, naweka nyimbo zangu, wako unakatika. Ukibonyeza, wangu unakatika, nami nautukana mtandao wa hoteli. Kumbe tunanyang'anyana! Jumapili sina kazi, nalala tu.

Sikukwambia baba, lakini huku naingia na kutoka bila kusemeshwa na mtu. Muziki ndio mwenzangu. Mwezi ukiisha nitachukua kifurushi kikubwa, kila mmoja awe na wake.

Binti yako

30 Machi

Marahaba mama,

Usichukue! Leo muziki ulipokatika nimesema kwa sauti, "Binti kaingia kazini." Sikubonyeza, nimekuachia. Nimekaa na kile kimya na hakikunielemea hata kidogo. Nimesoma jina la wimbo wako, nikamwita fundi aniimbie. Maneno yenu hayana adabu, lakini nimefurahi.

Acha hivyo hivyo, nakuomba. Na ukikosa wa kuongea naye, niandikie mimi. Mimi nipo.

Baba yako

16 Aprili

Shikamoo baba,

Za siku nyingi? Ujumbe wako nimeuona nimeshalipia, tena mwaka mzima, hawarudishi. Usijali, utazoea. Sasa sikiliza utakavyo, muziki hautakatika tena. Naandika mbiombio, msimamizi ananiangalia.

Binti yako

17 Aprili

Marahaba mama,

Nashukuru. Fundi naye kathibitisha, kila kitu kizima. Jana muziki uliimba tangu nilipomaliza kula mpaka nikauzima mwenyewe.

Baba yako

18 Aprili

Mama, leo umeingia kazini?

Baba yako

21 Aprili

Mama, na leo?

Baba yako