Vijiti Nilivyoviokota Ufukweni

Nyumba ya Wageni, chumba namba nne,
Kisiwani.
Jumatano, tarehe 14 Agosti.

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwa dada yako. U mzima? Shemeji na wanangu hawajambo? Na mgongo wako unaendeleaje kwenye hiyo baridi? Mimi sijambo, ila magoti yanalalamika kila nikipanda ngazi, na nimeshayazoea.

Najua huu ni mwaka wa pili hatuandikiani, tangu nilipolichoma lile boksi lililokuwa chini ya kitanda cha marehemu mama. Ukitaka kuichana barua hii, ichane, lakini isome kwanza.

Mkamwana wangu ndiye aliyenileta huku. Alisema mtu aliyesimamia usafi wa hospitali miaka thelathini anastahili kuona mahali pasipohitaji kufagiwa. Basi nimeona mengi. Kima wameniibia kandambili moja mchana kweupe, na mmoja wao akakaa juu ya paa akiigeuzageuza kama fundi viatu. Nimeona popo wakubwa kama kuku, wananing'inia mtini na kugombana kutwa. Kwenye nyumba ya makumbusho kuna ngoma za kale, na mama anayezitunza akaniruhusu nipige moja. Nilipiga vibaya mno, akacheka hadi akakaa chini.

Juzi asubuhi nikatoka peke yangu kwenda ufukweni. Unanijua, mikono yangu haitulii. Nikaona vijiti, vitatu vitatu, vimechomekwa ovyo mchangani, vingine vimefungwa kamba kuukuu. Nikaving'oa vyote, nikaviokota na vifuniko vya chupa vilivyokuwa jirani, nikavitia kwenye ndoo ya taka. Nikarudi kunywa chai huku nikijisifu moyoni.

Chai haijapoa, akaja mlinzi wa kasa. Wote humwita Babu Kasa, ingawa kwangu ni kijana tu. Alikuwa ameishika ile ndoo.

“Mama, ni wewe uliyeng'oa hivi?”

“Ndiyo, mwanangu. Pale palikuwa pachafu kweli.”

“Hizi ni alama zangu, mama. Chini yake kuna mayai. Naziweka zifanane na takataka makusudi, wezi wa mayai wasishtuke. Leo nilikuwa niwaonyeshe watu wa boti mahali pa kutopita.”

Nilitamani ardhi inimeze. Watu wa boti huburuta boti zao mchangani kila siku, na boti ikipita juu ya kiota, mayai yamekwisha. Upepo nao ulikuwa umeshafukia matundu ya vijiti.

Tulipiga magoti hadi saa sita, tukipapasa mchanga polepole kwa vidole. Viota vilikuwa saba. Tulipata sita. Watu wa boti wamenuna, lakini wamekubali kuzunguka mbali na kipande chote kile kwa wiki tatu, mpaka watoto wa kasa watoke. Nikiwasikia wanavyohema kwa mzunguko ule, naona haya. Hicho cha saba hatujui kiko wapi mpaka leo.

Babu Kasa hakunigombeza. Aliniambia tu, “Ungeuliza, mama. Mimi nilikuwa pale pale kibandani.” Maneno hayo yamenikaa kifuani.

Maana na wewe ulikuwa njiani kuja tupange vitu vya mama. Nililifungua boksi, nikaona nyuzi zenye mafundo, vipande vya sabuni, karatasi zilizokunjwa mara nne. Nikasema takataka gani hizi, nikawasha kiberiti. Ulipofika siku mbili baadaye na kuliulizia, nikakujibu kwa ukali kwamba nimekupunguzia kazi. Ukaondoka bila kumaliza chai yako. Tangu hapo nimejitetea kwa kila mtu kwamba sikujua. Ni kweli, sikujua. Lakini nilikuwa na siku mbili nzima za kukuuliza, na simu ilikuwa mkononi. Nimekukosea, mdogo wangu. Nisamehe.

Nisalimie sana shemeji, na wanangu wote wawili. Waambie mama yao mkubwa anawakumbuka. Mungu awape afya, na awatie joto nyumbani humo.

Sasa nakuuliza, ingawa nimechelewa: yale mafundo kwenye nyuzi za mama yalikuwa ya nini? Niandikie yote, hata yakijaza kurasa kumi. Safari hii nitakusikiliza hadi mwisho.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata uliponyamaza.