Mikono ya Mama Selvi

Mjukuu wangu Wanjiru,

Huku Bondeni tuko salama. Mvua imenyesha, na mjomba wako amefungua bucha Kikopey. Goti langu linaniuma, lakini hilo tuliache.

Umeniuliza, sasa unapohubiri huko Kanada, utajuaje kama maneno yako yamewafikia watu. Nitakwambia nilichokiona.

Miaka ya hamsini, kabla sijaolewa, nilimpikia mmisionari mzee Mmethodisti hapa Nakuru. Alikuwa ameishi India miaka mingi, na bado alikuwa akitafsiri Zaburi kwa Kitamil. Shida za wakati ule siziandiki. Kila asubuhi Mama Selvi, Mtamil, mke wa fundi wa reli, alikuja kuketi jikoni kwetu akichambua mchele, huku mzee akimsomea. Mikono ya mama ikisimama, mzee alijua sentensi imemkwamisha. Aliifuta, akaanza upya.

“Akielewa, kazi yake haisimami,” aliniambia.

Mzee alipougua sana, daktari alikataza wageni. Mama Selvi akaja na sinia lake la mchele.

“Mimi si mgeni,” akaniambia mlangoni. “Nimekuja kazini.”

Akaketi kando ya kitanda. Mzee akamsomea polepole zaburi aliyoimaliza kabla ya kuugua, macho yake yakiwa kwenye mikono ile. Haikusimama hata mara moja. Mzee akatabasamu, akaweka karatasi kifuani, akafumba macho.

Mama Selvi akaendelea kuchambua. Kisha akainua uso, akamtazama.

Ndipo mikono yake ikasimama.

Shosho wako