Mistari ya Nyota kwa Baba

Dada Wakesho,

Pokea salamu za mdogo wako, yule aliyewazidi nyote sura. Mimi mzima, ila joto la Mombasa linanikaanga bila mafuta. Huko Taita baridi imewaacha na pua? Na Baba je? Hapo nijibu ukweli, usinifiche.

Tangu uliponiambia amemimina chai mezani akidhani kikombe kipo, chakula hakinishuki. Daktari alisema macho yatazimika polepole. Kumbe polepole yenyewe ndiyo hii.

Unakumbuka alipokuwa mlinzi wa shamba la mkonge, akatuambia nyota hutembea usiku kucha, nasi tukamcheka? Niliapa nimpelekee picha ya huo mwendo wao akiwa bado anaona. Na usinune: niliacha shule kidato cha pili, lakini Mji wa Kale mzima hakuna kijana anayenifikia kwa kamera. Ami Swaleh, mwenye studio ninayofanyia kazi, huniazima yake ya dijitali. Unaifunga kwenye stendi, unaielekeza juu, inapiga picha moja baada ya nyingine, kisha kompyuta inaziunganisha na kila nyota inakuwa mstari. Ikisukumwa kidogo tu, kazi imekufa.

Mara ya kwanza taa za mji ziliniharibia na unyevu ukafunika lenzi. Nikapata mistari mifupi, hafifu. Basi nikangoja umeme upotee mtaa mzima, nikapanda paa la Ami. Huku mwanamume hapandi juu bila kupiga hodi kwa sauti, ili wanawake wa mapaa ya jirani wajisitiri. Nikapiga hodi, nikaitega kamera kuelekea baharini, juu ya mapaa ya jirani, nikashuka kunywa chai. Mimi nilishuka, kamera ikabaki. Mabinti wa Bi Zuhura, jirani yetu, waliposikia nimeshuka wakapanda kuanua nguo, vichwa wazi.

Asubuhi, umeme umesharudi, Bi Zuhura akaja mlangoni. "Mwanangu, hiyo kamera yako ya usiku yaangalia nini?"

"Nyota, mama."

"Nyota zaanzia kwenye kamba yangu ya nguo?"

Nikamjibu zinaanzia chini kidogo ya hapo. Mdomo wangu unaujua. Ami hakucheka.

"Hodi uliyopiga ilikuwa yako, au ya kamera?" akaniuliza.

Nikaenda kumfungulia kompyuta. Akazifuta picha zote mbele ya Bi Zuhura. Nilikuwa nimeshaziunganisha, Dada. Nyota zilipanda kutoka upande wa bahari zimenyooka, kama nyuzi za mkonge zilizoanikwa. Sasa kamera imefungiwa kabatini na ufunguo anao Ami. Simlaumu. Ungekuwa wewe juu ya paa lile, ningemng'oa mtu meno.

Imebaki ile ya kwanza, mbovu. Nimeichapa kubwa, ndiyo hiyo ndani ya bahasha. Nimepitisha ncha ya sindano nyuma ya karatasi, mstari kwa mstari, mpaka mbele ikavimba. Ukiona Baba haioni, mshike kidole umpitishe toka chini kwenda juu, taratibu.

Msalimie Mama, mwambie nakula. Msalimie shangazi muuza mboga, na shemeji, huyo mume wako mfupi, mwambie bado namzidi kimo. Baba usimpe salamu zangu kwa mdomo. Mpe karatasi, na akikuuliza ni nini, nyamaza. Atajua.

Mdogo wako,
Mwakio, fundi wa nyota asiye na kamera