Msingi Ulikuwa Wako

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Mwili wangu mzima. Ya moyo utayasoma humu. Je, wewe hujambo? Magoti yameacha kukusumbua, au wodi bado inakusimamisha kutwa nzima? Binti yangu anakuamkia. Anauliza mbona mama mkubwa kawa mkimya siku hizi. Nimemwambia mkimya ni mimi.

Kesi imekwisha. Talaka nilishapata, hilo unalijua, ilibaki mali. Karani wa mahakama alikuja nyumbani na daftari lake, akapita chumba hadi chumba akiuliza hiki cha nani, kile cha nani. Shemeji yako alikuwa nyuma yake hatua kwa hatua. Kabati lake. Friji yake. Tangi la maji lake. Hata milango na madirisha aliyadai, eti aliyachomelea kwa mikono yake, mpaka karani akamuuliza kama anataka nyumba ibaki matundu. Cherehani zangu tatu nazo alitaka zigawanywe, kwa kuwa meza zake alizitengeneza yeye. Nikamwambia achukue meza, mimi nitashonea mapajani. Karani akadhani nasema kweli, akaandika: meza, mume. Nilicheka, dada, nikacheka hadi machozi, na machozi yenyewe yakakataa kukoma.

Mahakamani ndiko nilikoumia. Hakimu, mama mtu mzima, aliniuliza nilichangia nini katika kujenga. Nikasema nimeshona miaka kumi na minne, nimelipa karo, nimelisha nyumba nzima yeye alipokosa kazi. Wakili wa shemeji yako akasimama, akasema karo na chakula havisimamishi ukuta. Kisha akaniuliza, kwa upole kama mtu anayekupa kiti, msingi ulijengwa kwa pesa ya nani. Nikamtazama shemeji yako. Alikuwa akiondoa vumbi kwenye shati. Nikajibu sikumbuki.

Hakimu akanipa moja ya tano ya thamani ya nyumba, cherehani zangu na kitanda. Nyumba ni yake. Nje, karani alinifuata akaniambia polepole, “Mama, mtu hasahau msingi.”

Sasa, dada, kaa chini kwanza.

Unakumbuka kiwanja alichotuachia marehemu baba? Ulikuwa chuoni, ukaniachia nikiuze, fungu lako nikutunzie. Nilikuandikia kwamba mnunuzi alikuwa tapeli, katoweka na hati bila kulipa. Ulinipa pole, ukasema bora uzima. Dada, mnunuzi alilipa yote. Fungu lako na langu yaliingia kwenye mawe na saruji ya msingi ule. Shemeji yako aliniambia tungekurudishia baada ya mwaka. Mwaka ukazaa mwaka. Lakini sitamsingizia: uongo niliuandika mimi, kwa mkono wangu, na ile pole yako niliipokea.

Asubuhi ya kesi aliniinamia kwenye benchi akaninong'oneza, “Sema tu, na dada yako naye asikie.” Ndiyo maana nilinyamaza. Nilijidanganya kwamba nakuficha aibu. Niliyekuwa namficha ni mimi. Njia ya mwongo ni fupi, husema watu. Yangu imenifikisha miaka kumi na mmoja, na mwisho wake ni chumba kimoja cha kupanga, cherehani sakafuni, na mwanangu anafanyia kazi za shule kitandani.

Rufaa ina siku thelathini, kumi na mbili zimeshakwenda. Humu kwenye bahasha nimeweka nakala ya mkataba wa mauzo, wenye kiasi kilicholipwa na saini yangu. Mpelekee wakili unayemwamini. Ukitaka kutushtaki sote wawili, mimi na yeye, nitakuja na nitasema kila kitu mbele ya watu. Usije kwa kunihurumia, tafadhali. Huruma yako nilishaila mara moja. Njoo uchukue kilicho chako.

Nisalimie wenzako wa wodini, hasa yule mama wa dawa aliyeninunulia viatu nilipokuja kukuuguza. Binti hajui lolote kuhusu haya. Ukimwandikia, naomba jambo moja tu: niachie mimi nimwambie.

Ni mimi mdogo wako, kama bado utakubali kuniita hivyo,

Kidosho