Alama ya Manjano Kando ya Karti ya Rezo

Siku ya pili ya juma, 14 Januari 1997

Karti ya rezo, ile ya kuunga mashini na mashini kwa kablo, bado inakataa. Denise, mutoto wangu, amekaa mbele ya ordinateri kubwa, kompyuta ya kazi, tangu asubuhi, hata chai hakumaliza. Mimi nimepiga deki chumba kile mara tatu. Sababu ya kuwa karibu naye tu.

Bwana Gérard, shefu wetu wa biro, mukubwa wa ofisi, alisimama mulangoni. Alisema tena: meli ya Kigoma, ng'ambo ya ziwa, inakuja wiki ijayo, na vita inashuka kutoka Uvira. Ameweka kiti kimoja kwa Denise. Lakini majina ya watoto waliopotezana na wazazi wao yako yote ndani ya ordinateri kubwa, na ile ni nzito, haitapanda meli. Yapite kwanza kwa kablo, ule waya, yaingie ndani ya ile ndogo ya kubeba mukononi. Mudomo wa disketi ulikufa zamani. Njia ingine hakuna. Majina yakipita, Denise anapanda, ayafungue kule. Yakikataa, anabaki nayo hapa.

Watoto 1,412. Nimeuliza namba ile mara mbili.

Mimi kiti sina. Viti ni vya wale wa karatasi, si vya wale wa fagio. Haya. Mimi ninamungoja Banza, bwana yangu. Yuko Kabimba kwa kiwanda cha simenti, habari yake hakuna tangu Noeli. Lakini mutoto aende! Ana miaka makumi mbili. Askari wanaokimbia vita wanafika kila siku, wanaingia nyumba za watu. Aende.

Siku ya tatu, 15 Januari

Mungu wangu, ni mimi.

Fidèle, fundi aliyeweka ile karti, aliandika namba za karti kwa kreyo, kalamu ya risasi, pembeni ya sanduku la mashini. Kisha akaenda Lubumbashi, hatujamuona tena. Wiki iliyopita kuran, umeme, ilikatika katikati ya kazi, mashini ikasahau yote. Leo Denise akakumbuka ile kreyo. Akazungusha sanduku, akawasha toroshi. Peupe! Akauliza hewani: nani ameosha hapa?

Mimi. Kwa sabuni. Niliona uchafu, nikasugua mpaka pakang'aa, na nilifurahi.

Nilienda kulia nyuma ya pipa la maji.

Siku ya ine, 16 Januari

Nimesema. Usingizi ulikataa, chakula kilikataa, basi nimesema.

Nilifikiri atanifokea. Akacheka! Akacheka mpaka akashika tumbo.

— Mama, siku moja utamusugua hata Bwana Gérard, tumukose.

Kisha akavuta kiti. Kaa hapa, anasema, umefuta, basi utanisaidia kutafuta.

Sijawahi kukaa pale. Mimi niliacha masomo mwaka wa tatu wa primaire. Niliweka mikono chini ya mapaja nisiguse kitu. Akanionyesha polepole, kama mimi nilivyomuonyesha kuchambua muchele. Kwenye kioo cha ordinateri kuna orodha ya vitu vyote vilivyo ndani ya tumbo la mashini. Kando ya karti ya rezo kuna kiduara cha manjano, ndani yake alama kama hii: !

Anasema kila kitu mule ndani kina namba yake ya kumuita mukubwa wa mashini. Vitu viwili vikishika namba moja, mukubwa hajui ni nani anamuita, na kazi inasimama. Namba ile kwa Kifaransa imeandikwa *demande d'interruption*, ombi la kukatiza kazi. Nimeinakili herufi kwa herufi. Karti ya rezo imeshika tano, na tano ni ya karti ya sauti. Ndio ugomvi wenyewe.

Nikasema: si uing'oe ile ya sauti? Nani anapiga muziki katika biro hii? Akanitazama kwanza. Anasema imeungwa na mashini, haitoki, lakini hata Fidèle hakuuliza swali zuri hivyo.

Nilijivuna kidogo. Hapa ndani ya daftari ninaweza kusema.

Basi ni kubadilisha namba, kuzima, kuwasha, kungoja. Tatu: ina mwenyewe. Saba: ina mwenyewe. Na groupe, jenereta ya kuran, sasa inawashwa saa mbili tu kwa siku, mafuta yanaisha. Kila ikiwaka ninatafuta ile manjano. Iko.

Siku ya posho, 18 Januari

Mwanamisi jirani alinikuta ninafua.

— Eh, Mama Denise! Fagio umeliacha, unasoma ordinateri? Kesho utavaa lineti machoni, utatujibu kwa Kifaransa tu!

Tulicheka. Kisha akashusha sauti. Mutaa wa chini, askari wamechukua wasichana wawili jana mchana. Mchana! Mama yao aliwafuata mpaka njiani, wakamupiga.

Sijamuambia Denise. Nilimuuliza tu: karti? Anasema inakataa.

Siku ya Mungu, 19 Januari

Misa. Niliomba kwa ajili ya karti. Sijui kama inafaa kuomba hivyo.

Siku ya kwanza ya juma, 20 Januari

Meli imefika porti. Inaondoka kesho saa kumi.

Bwana Gérard aliingia, hakukaa. Denise akamuambia: bado, Shefu, inakataa. Alishika kichwa. Alisema basi yeye ataondoka bila majina, na Denise amusamehe, ile nafasi atamupa mwingine.

Nilikuwa nyuma yao na kitambaa changu. Ninapangusa meza. Macho yakaenda kwenye kioo. Orodha ileile. Karti ya rezo, ninaijua sasa mahali pake. Kando yake —

Hakuna kitu. Hakuna manjano! Na namba ni kumi. Nimesoma mimi mwenyewe, kwa macho yangu haya.

Nilipangusa meza ile mpaka shefu akatoka. Nikasema: Denise, manjano iko wapi?

Akazima kioo.

Nikamuuliza: tangu lini? Tangu siku ya tano, tarehe 17, anasema. Siku tatu! Siku tatu anakaa mbele ya mashini nzima, anajifanya kutafuta. Nilitaka kumupiga kofi. Mukono ulikataa.

— Wewe ubaki peke yako hapa, Mama, mimi kule Kigoma nitameza nini? Bukari itapita wapi?

Nikauliza: na wale watoto? Mama zao wanawatafuta.

Aliangalia kablo.

Siku ya pili, 21 Januari

Nimemuambia Bwana Gérard. Saa moja ya asubuhi, kabla hajavua koti. Nilisema: karti inafanya kazi, Shefu, mutoto aliogopa kuniacha.

Denise alipofika hakukana. Alikaa, akabonyeza. Majina yakapita. Dakika ine! Wiki nzima ya mateso, dakika ine. Shefu alimushika mikono yote miwili. Kiti chake kiko bado. Gari itakuja kumuchukua saa nane.

Sasa tuko nyumbani. Nimefunga vitenge viwili, samaki mukebuka mukavu, kitambulisho chake ndani ya plastiki. Yeye amelala, uso kwenye ukuta. Alisema neno moja tu tangu biro.

— Umenifukuza, Mama.

Nikasema ndiyo. Nimekufukuza. Ningesema nini kingine?

Ninaandika sababu nikiacha kalamu nitamushika, nitasema baki.

Gari imefika. Honi. Nimemuita mara mbili, hakugeuka. Nimepiga magoti mbele ya kitanda, nimemuvalisha kiatu. Ameacha nimuvalishe, kama alipokuwa mudogo. Lakini kile cha pili amekikumbatia kifuani, hataki kunipa.

Honi tena. Nimevuta, naye amevuta. Ninaacha kalamu, nikavute kwa mikono yote miwili, aende.