Darasa Lililochagua Utani

Mjukuu wangu Asha, mwalimu mpya,

Shikamoo yako imefika huku ughaibuni, Lewisham, marahaba. Bibi yako mzima, ananinyima sukari tu. Binamu zako nawasemesha Kiswahili, wananijibu Kiingereza.

Unauliza, ukiwaachia wanafunzi wachague wenyewe namna ya kurudia masomo, si watachagua mchezo? Watachagua! Sisi tulipoachiwa, mtihani wa darasa la nne ukikaribia, nilipayuka: "Tufanye utani kama msibani! Wanyamwezi kwa Wazaramo!"

Basi nikawa muulizaji. "Saba mara nane, we Mzaramo mla nazi?"

"Hamsini na sita, we Mnyamwezi mbeba mizigo!"

Hata Zuhura, aliyekaa kimya mwaka mzima, alinisuta mpaka mwalimu akacheka.

Darasa zima likafaulu, isipokuwa mimi. Nilikuwa nauliza tu, hakuna aliyeniuliza. Shule yangu ikaishia hapo.

Lakini mchezo ule niliubuni mimi, najivunia hadi leo. Na sasa mwalimu mzima ananiomba ushauri mimi wa la nne! Nimewatangazia majirani wote.

Waache wachague, mama. Ila yule mtundu anayeuliza wenzake, naye aulizwe.

Babu yako